Masikio Yanayovuma Baada ya Miaka ya Mashine: Kulinganisha Njia za Kuishi Nayo

Kwa miaka 24 nilishika usukani wa boti za abiria zinazotoka Lamu kwenda Faza na Kizingitini, na muda wote huo mashine ya dizeli ilikuwa hatua mbili nyuma ya mgongo wangu, haina kifuniko, na bomba lake la moshi halina chochote cha kupunguza mngurumo. Miaka 7 iliyopita niliiacha kazi hiyo, lakini masikio hayakuiacha. Mlio ninaousikia mchana na usiku, katika masikio yote mawili, ni mwembamba na wa juu, kama wa nyenje aliyejibanza darini, nao hautoki nje. Mke wangu akilala ubavuni mwangu hasikii kitu. Madaktari huuita tinitasi. Sisi husema tu kwamba masikio yanavuma.

Mabaharia wenzangu, mafundi wa jenereta, maseremala wanaofanya kazi kwa msumeno wa umeme na vijana wanaopiga muziki wa harusi wamekuwa wakiniuliza swali moja: wanunue nini, au wafanye nini, ili wapate nafuu? Nimepitia karibu kila njia wanayoitaja, baadhi kwa faida na baadhi kwa hasara, na hapa naziweka pamoja ili kila mtu aone ipi inamfaa. Tatizo la kwanza ni kipimo chenyewe cha kulinganishia. Wengi huuliza ipi itaumaliza mlio, na kwa kipimo hicho zote huanguka, kwa sababu mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuuondoa mlio uliotokana na kelele. Kipimo nilichokuja kukiona kuwa cha haki ni hiki: mlio umekunyang'anya nini zaidi? Yupo aliyenyang'anywa usingizi, yupo aliyenyang'anywa mazungumzo na watu, na yupo aliyenyang'anywa utulivu wa moyo. Kila njia hurudisha kimoja kati ya hivyo vizuri kuliko vingine, na anayeichagua bila kujua amepoteza nini hutumia pesa nyingi kurudisha kitu ambacho hakikupotea.

Kabla ya kuchagua, sikio litazamwe

Ulinganisho huu unamhusu mtu ambaye mlio wake umekwisha kuchunguzwa na kuonekana unatokana na kelele. Mlio wa sikio moja tu, mlio unaokwenda sawa na mapigo ya moyo, au mlio unaofuatana na kizunguzungu kikali, unahitaji daktari wa masikio, pua na koo kabla ya jambo jingine lolote. Na ikiwa usikivu umepotea ghafla, katika muda wa siku 3 au chini ya hapo, hiyo ni dharura: dawa za steroidi zinapotolewa hutakiwa zitolewe mapema, katika wiki 2 za mwanzo, na mtu anayengoja mpaka mwezi mwingine uandame anaweza kuipoteza nafasi hiyo.

Mara nyingine chanzo ni chepesi kuliko mtu alivyohofia. Nta iliyoziba njia ya sikio huleta mlio, na mlio hupungua nta ikitolewa na mhudumu aliyefunzwa, si kwa kijiti wala kwa mafuta ya moto. Zipo pia dawa zinazoleta mvumo: kwinini, ambayo wazee wetu waliotibiwa malaria kwayo wanaukumbuka vizuri uvumi wake kichwani, aspirini kwa dozi kubwa, sindano za gentamaisini, na sindano za kifua kikuu kama streptomaisini. Mlio wa kwinini na aspirini kwa kawaida huondoka dawa inapokoma, ilhali madhara ya sindano hizo huweza kubaki. Mtu asiache dawa aliyoandikiwa kwa kuogopa mlio. Arudi kwa aliyemwandikia amweleze.

Ukimya na sauti: niliyojifunza Malindi

Ushauri wa kwanza ambao kila mtu hunipa ni kwamba nikae mahali patulivu, nipumzishe masikio. Nilidhani kwa hilo nimebahatika, kwa kuwa nakaa mtaa wa Langoni, Lamu, katika mji ambao vichochoro vyake haviruhusu gari, na baada ya sala ya isha kinachobaki ni nyayo za watu na mlio wa punda mmoja mmoja. Kisha binti yangu anayeishi Malindi akanisihi, "Baba, njoo ukae nasi wiki mbili ubadilishe hewa." Nilikwenda kwa wasiwasi. Nyumba yake iko karibu na barabara, tuktuk na bodaboda hupita mpaka usiku wa manane, na chumba nilichopewa kina feni ya dari inayokwaruza kidogo kila inapozunguka. Nililala usiku wa kwanza mpaka alfajiri, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa miezi. Niliporudi Lamu na kulala katika chumba changu chenye kuta nene za mawe ya matumbawe, mlio ulipanda kana kwamba mtu ameufungulia.

Sababu yake inaeleweka, na mtu akiielewa atachagua vizuri zaidi. Ndani ya sikio mna kiungo kilichojikunja kama konokono, kiitwacho koklea, na ndani yake mna takriban seli 15,000 zenye vinyweleo ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa neva. Kelele ya miaka huziua seli hizi, na kwa binadamu hazioti tena. Ubongo unapokosa ujumbe kutoka sehemu zilizokufa, huongeza nguvu ya kusikiliza, kama mtu anayefungua redio mpaka mwisho akitafuta stesheni ya mbali, na kinachosikika ni mkwaruzo wa redio yenyewe. Chumba kinapokuwa kimya kabisa, ubongo hauna cha kusikiliza isipokuwa huo. Hata watu wenye masikio mazima hawasalimiki: mwaka 1953 watafiti Heller na Bergman waliwaweka watu wazima 80 wenye usikivu wa kawaida katika chumba kisichopenya sauti, na 94 kati ya kila 100 walisema wamesikia milio ya namna moja au nyingine.

Kwa hiyo kati ya ukimya na sauti, mimi sisitisiti: chagua sauti. Ukimya ni dawa ya sikio lililotoka kwenye kelele leo, si ya mlio uliokaa miaka.

Swali linalofuata ni sauti gani, na hapa tofauti ni kubwa kuliko zinavyoonekana. Nilianza kwa kisomo cha Kurani kwenye simu, nikaacha baada ya siku chache, kwanza kwa sababu niliona si adabu kuifanya kisomo kuwa pazia la kufunikia mlio huku nasinzia, na pili kwa sababu maneno yenye maana huiamsha akili ambayo nataka ilale. Taarifa za habari na mihadhara zina kasoro hiyo hiyo ya pili. Inayofaa ni sauti isiyo na maneno wala mdundo wa kufuatilia: mvua, mawimbi, feni, au mchirizi, yaani ule mvumo mtupu, wa redio iliyowekwa katikati ya stesheni mbili. Mawimbi yaliyorekodiwa yalinisumbua kwa njia nisiyoitarajia. Aliyeishi baharini huyasikiliza mawimbi kwa kuyapima, na nilijikuta nahesabu nafasi kati ya wimbi na wimbi. Asiyekuwa baharia huenda akayapenda sana.

Feni inashinda kwa kuwa hufanya kazi mbili, hasa wakati wa kaskazi joto linapozidi, lakini umeme ukikatika inazima, na mtu huamshwa na ukimya ule wa ghafla. Redio ndogo ya betri haina udhia huo. Simu ina programu nyingi za bure zenye sauti hizi, ila ukitumia vipokea sauti vya kutia sikioni unalala navyo, vinaumiza na vinashawishi kuongeza sauti. Afadhali simu iwekwe kando ya mto ilie yenyewe.

Kosa kubwa, nalo nililifanya kwa miezi 3, ni kuufungulia mchirizi mpaka mlio usisikike kabisa. Unafuu huja papo hapo, lakini ubongo haupati nafasi ya kuuzoea mlio, na masikio yaliyokwisha kuumia yanaongezewa mzigo. Sauti iwe chini kidogo ya mlio, ili vyote viwili visikike vimechanganyika, kama mtu asikiavyo kelele za soko huku anazungumza na mwenzake. Kwa mke au mume mnayelala chumba kimoja nalo ni jambo la kuombana radhi na kukubaliana. Mke wangu aliikataa redio na kuikubali feni, ndiyo maana redio sasa huwashwa umeme unapokatika tu.

Kifaa cha kusikia mbele ya redio

Sauti ya pembeni hurudisha usingizi. Hairudishi mazungumzo, na mimi kwa miaka mingi sikujua kwamba nimeyapoteza, kwa kuwa lawama zote niliutwika mlio. Baada ya alasiri hukaa barazani na wazee wenzangu tukanywa kahawa, nami nilikuwa nikicheka wanapocheka bila kujua wanacheka nini. Siku moja kijana aliyekuwa akishusha mizigo alinipigia kelele, "Ami, shika!" Nikasikia "fika", nikamjibu kwamba nimeshafika, na kopo la mafuta likaanguka miguuni mwangu.

Kipimo cha usikivu, ambacho nilikifuata Mombasa, kilieleza kila kitu kwa mstari mmoja uliochorwa. Upande wa sauti nene mstari ulikwenda sawa, kisha ukatumbukia kama shimo kwenye hezi 4,000, upande wa sauti nyembamba, na hapo ndipo kelele za mashine huanza kula. Sauti nzito za irabu, a, o na u, hukaa upande ule mzima. S, sh, f na t hukaa karibu na shimo. Ndiyo maana mtu wa mashine husema, "Nasikia watu wanasema, lakini sisikii wanachosema." Mtaalamu wa usikivu aliniuliza mlio wangu unafanana na sauti ipi kati ya zile alizokuwa akizipima, nami nikamwonyesha: ulikuwa jirani na lile shimo.

Kifaa cha kusikia huongeza sauti pale zilipopungua tu. Faida yake kwa mlio ni ya kuzungukia: sauti ndogo za kawaida, mtelezo wa kanzu, majani ya mwarobaini, maji yanayomiminwa kikombeni, hurudi, na ubongo ukiwa na cha kusikiliza hupunguza kujisikiliza wenyewe. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani uliotolewa mwaka 2014 unawataka madaktari wampendekezee tathmini ya kifaa kila mwenye mlio sugu unaomsumbua pamoja na upungufu wa usikivu, ilhali sauti ya pembeni imewekwa daraja la chini, kama jambo wanaloweza kulipendekeza. Nami kwa uzoefu wangu naona daraja hizo ni sahihi kwa mtu wa aina yangu. Kwa mtu ambaye kipimo kinaonyesha anasikia vizuri, kifaa si chake, hata kama mlio wake ni mkubwa kuliko wangu.

Gharama ndiyo inayowakatisha watu tamaa, na ni kweli ni kubwa, kisha yanafuata matunzo. Betri ndogo za kifaa changu, za saizi 312, hunidumu wiki moja hivi, na huwa naagiza nyingi kwa pamoja kwa kuwa si kila duka linazo. Hewa yetu ya chumvi na unyevu hukila kifaa taratibu. Kila usiku nakifuta kwa kitambaa kikavu, nafungua mlango wa betri, na kukiweka ndani ya kichupa chenye mfuniko wa kukaza pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Sikivai ndani ya boti ndogo siku ya mawimbi. Kifaa cha kuchaji hukuepusha na kutafuta betri, lakini kinautegemea umeme, na kwa anayekaa kisiwa chenye umeme wa shida ningemshauri kile cha betri.

Naomba niseme neno juu ya vile vikuza sauti vya bei rahisi vinavyotembezwa mikononi. Nilinunua kimoja kabla sijapimwa. Kilikuza kila kitu kwa kiwango kimoja, mngurumo pamoja na maneno, na mchana mmoja katika gati la Mokowe, boti mbili zilipowasha mashine pamoja, nilikitoa sikioni kwa maumivu na mlio ukawa juu kwa siku 2. Pesa zile zingenitosha nauli ya kwenda kupimwa. Pia, anayenunua kifaa halisi aombe akitumie kwa majaribio wiki kadhaa kabla hajalipa chote. Wapo wauzaji wanaokubali, na wasiokubali sioni sababu ya kuwapa pesa.

Mazungumzo ya tiba: njia isiyo na kitu cha kununua dukani

Hii ndiyo njia iliyonisaidia zaidi katika mwaka uliokuwa mbaya kuliko yote kwangu, na ndiyo watu wanaoidharau zaidi, kwa kuwa mtu husema, "Mimi si mwendawazimu, masikio yangu ndiyo mabovu." Nilisema hivyo hivyo. Inaitwa tiba ya fikra na mienendo, hufanywa kwa vikao na mshauri aliyefunzwa, na haigusi sikio hata kidogo. Kazi yake ni kuvunja mzunguko ambao mlio huleta hofu, hofu humfanya mtu ausikilize mlio, na kuusikiliza huukuza.

Kwa ushahidi, njia hii ina msingi imara kuliko nyingine zote. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 28 zenye washiriki 2,733, yaligundua kwamba hupunguza athari za mlio katika maisha ya mtu, na madhara yake ni machache. Haipunguzi ukubwa wa mlio wenyewe, na anayekuambia vinginevyo anakupa ahadi asiyoweza kuitimiza. Ile miongozo ya Marekani inaipendekeza, na ya Uingereza ya mwaka 2020 imeiweka mbele pamoja na namna yake ya kufanyika kwa intaneti.

Naeleza jambo moja tu tulilolifanya, ili asiyejua aone lilivyo la kawaida. Nilipewa karatasi iliyogawanywa kwa mstari katikati. Upande wa kushoto niliandika kila wazo lililonijia mlio ulipopanda, na upande wa kulia, kesho yake, niliandika kilichotokea kweli. Usiku wa kwanza upande wa kushoto niliandika sentensi moja mara 4: "Utazidi kupanda mpaka niwe kiziwi kabisa." Asubuhi yake upande wa kulia niliandika: "Nililala saa 6, nikaamshwa na adhana ya saa 11." Adhana niliisikia. Nilikaa nikaitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Baada ya wiki 5 au 6 za karatasi kama hizo mlio ulikuwa pale pale, lakini nilikuwa naweza kukaa saa nzima bila kuukumbuka.

Upungufu wake ni upatikanaji. Washauri ni wachache, na Lamu hasa. Vikao vyangu vingi vilikuwa vya simu. Programu za intaneti nilizoziona zimeandikwa kwa Kiingereza, jambo linalowafungia nje wengi wanaozihitaji. Hata hivyo mshauri anayejua kutibu hofu na kukosa usingizi kwa njia hii anaweza kusaidia hata kama hajawahi kukutana na mwenye masikio yanayovuma, kwa kuwa hatua zake ni zile zile. Wapo wanaouliza kama subira na dua havitoshi. Vilinishika mkono katika usiku mzito, na sitaki mtu avione duni. Lakini dini yetu haijamzuia mtu kutafuta tiba, na nilizichukua njia zote mbili bila kuona zinagombana.

Ukiilinganisha na kifaa, basi: kifaa humfaa asiyesikia watu, mazungumzo humfaa anayeusikia mlio kupita kiasi. Ukiilinganisha na redio, redio hufanya kazi usiku ule ule na hukoma ukiizima, ilhali mazungumzo huchukua wiki kadhaa na faida yake inaweza kubaki hata vikao vikiisha.

Vidonge, mafuta na vifaa vipya

Hapa sitakaa. Ginkgo (dawa ya majani ya mti), zinki na melatonini (ya kuleta usingizi) zimetajwa kwa majina katika mwongozo ule wa 2014 kuwa zisipendekezwe kwa ajili ya mlio sugu, na mwongozo wa Uingereza unasema betahistini, dawa ya kizunguzungu, isitolewe kwa mlio peke yake. Nilimeza ginkgo kwa miezi 4. Mafuta ya habasoda na ya nazi yaliyopashwa moto hayafiki penye tatizo, kwa kuwa kiwambo cha sikio kimefunga njia, na kikiwa kimetoboka ni hatari kuyatia. Njia za umeme na sumaku zinaendelea kuchunguzwa. Machi 2023 mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa vya tiba iliruhusu kifaa kinachochochea ulimi sambamba na sauti za masikioni, nacho kwa sasa kipo mbali na mfuko wa baharia.

Kinga: ya kutia au ya kuvaa

Njia yoyote utakayochagua itaharibika ukirudi kwenye kelele bila kinga, na wengi wanaoniuliza bado wako kazini. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, huweka kikomo cha desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hukatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, na 100 kwa dakika 15 tu. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele mahali pa kazi zimeweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Rafiki alipima penye usukani wa boti yangu ya zamani kwa simu, na ingawa simu si chombo cha uhakika, ilionyesha zaidi ya 95. Maana yake ni kwamba sehemu yangu ya kelele kwa siku nzima nilikuwa nimeimaliza kabla hatujaupita mkondo wa Mkanda, na Faza bado iko mbele.

Vizibo vya povu ni rahisi na vinatosha mfukoni, lakini vingi huvaliwa vibaya. Kizibo kinyongwe kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, sikio livutwe juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kitiwe, kisha kishikwe kwa kidole nusu dakika mpaka kivimbe. Kikining'inia nje kama kishungi, hakizuii kitu. Vikinga vya kuvaa kichwani, vinavyofunika masikio kama vipokea sauti vikubwa, ni rahisi kuvivaa sawasawa, vinadumu, na nahodha anaweza kuvinyanyua mara moja kumsikiliza mtu, ila vina joto kali juani na havikai vizuri juu ya miwani au kofia. Kwa fundi anayewasha na kuzima jenereta ningechagua vya kuvaa. Kwa nahodha wa safari ndefu, vya povu. Na vyote vivuliwe kazi ikiisha. Nimemjua mtu aliyekuwa akishinda navyo nyumbani kwa kuogopa kila sauti, na mlio wake ulizidi, kwa sababu ile ile ya chumba changu cha mawe.

Nani achague nini

Ningekuwa na pesa za jambo moja tu, ningezitumia kwa kipimo cha usikivu, kabla ya redio, kabla ya kidonge, kabla ya kifaa. Ndicho kinachosema uko upande gani. Kipimo kikionyesha shimo kama langu na watu wanakulalamikia kwamba huwasikii, weka akiba ya kifaa, na wakati unangoja tumia feni au redio usiku. Kipimo kikiwa kizuri na kinachokutesa ni usingizi, sauti ya pembeni inaweza kukutosha, na usishawishiwe kununua zaidi. Ikiwa mlio umeanza kukutenga na watu, kukukatia hamu ya chakula au kukuletea mawazo ya kutotaka kuishi, anza na mazungumzo na daktari wiki hii hii, na mengine yafuate.

Mimi huvaa kifaa asubuhi mpaka magharibi, feni usiku, na ile karatasi yenye mstari katikati huitoa mara chache mwakani mlio unapozua wasiwasi mpya. Rafiki yangu, seremala wa boti kule Matondoni, amechagua tofauti kabisa, na amechagua sawa. Kipimo chake kilikuwa kizuri kuliko alivyodhani. Alichopoteza ni usingizi, na hofu kidogo. Alikuwa ameniomba nimwazime kifaa changu ajaribu wiki moja kabla ya kupimwa, nikamweleza kwamba kimewekwa kwa masikio yangu, na kwake kingekuwa kelele nyingine tu juu ya ile aliyo nayo. Nilimpa redio yangu ya pili, ile iliyovunjika antena, kwa kuwa kwa mchirizi wa katikati ya stesheni antena haihitajiki.